Namba moja mgongoni: Tendai Mtawarira na kazi ya propu

Mgeni aliyeingia Kings Park, uwanja wa raga wa Durban, Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza enzi za Tendai Mtawarira alikuwa na haki ya kushtuka. Pande la mtu limepokea mpira, limeinamisha kichwa, linakwenda, na uwanja mzima unanguruma kwa sauti moja ndefu na nzito: "Biiiist!" Kwa sikio lisilozoea, huko ni kuzomea. Wapo watazamaji wa ng'ambo waliouliza kwa nini Waafrika Kusini wanamzomea mchezaji wao wenyewe, tena mweusi. Kumbe wanamwita. Beast, yaani Mnyama, ni jina la utani alilobandikwa tangu udogoni Zimbabwe kwa sababu ya umbo lake, nalo likamfuata hadi fainali ya Kombe la Dunia.

Kichekesho ni kwamba walikuwa wakimshangilia kwa kazi ambayo hasa haikuwa yake. Kukimbia na mpira ni ziada tu kwa mtu anayevaa jezi namba moja. Kazi aliyoandikiwa, ile iliyomfanya aivae jezi ya Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, mara 117 kati ya 2008 na 2019, ilifanyika mahali ambapo kamera hazipenyi vizuri na ambapo hata shabiki mkongwe huona ni wakati mzuri wa kwenda kununua soda. Ilifanyika ndani ya skrumu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapoinama na kusukumana.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisingizio. Raga tuliyoipenda ni ya wachezaji saba kila upande. Tuliruka vitini Shujaa wa Kenya walipotwaa kombe la Singapore mwaka 2016 chini ya marehemu Benjamin Ayimba, na tulichokipenda ni mbio. Skrumu ya saba kila upande ni watu watatu kwa watatu, nayo huisha kabla hujaketi vizuri. Kwenye raga ya wachezaji 15 mambo ni tofauti kabisa, na bila kuyaelewa huwezi kujua kwa nini mtu aliyefunga trai, yaani mabao ya raga, za kuhesabika kwa vidole anaheshimiwa kuliko mawinga waliofunga makumi.

Tuanze chini kabisa, basi, kwenye nyasi.

Skrumu huitishwa baada ya kosa dogo: mpira umemponyoka mtu ukaangukia mbele, au pasi imerushwa mbele. Mafowadi wanane wa kila timu hukumbatiana katika safu tatu, huinama na kukabiliana. Katika raga ya kulipwa kila kundi hukaribia kilo 900. Mbele wapo watatu: propu wa kushoto ambaye ni namba moja, huka namba mbili, na propu wa kulia namba tatu. Nyuma yao husimama maloku wawili warefu, pembeni maflanka wawili, na mkiani namba nane. Nguvu zote za hao watano wa nyuma hupita kwenye migongo na shingo za wale watatu. Hakuna njia nyingine ya kupitia.

Fundo lenyewe liko hapa. Safu mbili za mbele zinapokutana, vichwa hupishana kama meno ya zipu. Kwa kuwa kila mmoja huingiza kichwa kushoto mwa mpinzani wake, propu namba moja hubaki na upande mmoja wa kichwa ukiwa nje, huru, unapigwa na upepo. Namba tatu hana bahati hiyo. Kichwa chake hubanwa katikati ya huka na propu namba moja wa timu pinzani, na huelemewa na wote wawili. Yeye ndiye nguzo ya skrumu, na kazi ya namba moja wa upande wa pili ni kuing'oa nguzo hiyo.

Itazame kwa karibu. Njumu zimezama kwenye udongo, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umelala bapa kama meza. Mkono wa kushoto umenyakua jezi ya mpinzani ubavuni, na kiwiko kimeinuliwa, kwa sababu kiwiko kikishuka bega nalo hushuka, na refa huwa anakiangalia hicho hicho kiwiko. Sikio la kulia linasagwa na nywele na jasho la mtu mwingine. Propu namba moja anatafuta nafasi chini ya kifua cha namba tatu, na akiipata anasukuma mbele huku akiinua. Mgongo wa mpinzani ukipinda hata kidogo, nguvu za watu watano walio nyuma yake hazimfikii tena adui. Wanabaki kama watu wanaosukuma mkokoteni uliovunjika ekseli. Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuingia mshazari, kumkata namba tatu ubavuni badala ya kumkabili uso kwa uso. Hilo ni kosa, ila kulithibitisha kwa jicho, katikati ya miili 16, ni kazi. Nitasema lililo moyoni: marefa wengi hapo hubahatisha, na mapropu wanalijua hilo.

Kwa nini yote haya yana thamani? Kwa sababu timu inayosukumwa hatimaye huvunja sheria. Huanguka, huinuka, huachia mshiko, na kipyenga hulia. Penalti inaweza kupigwa kwenye nguzo za goli kwa alama tatu, au mpira ukatolewa nje ya mstari mbali huko karibu na goli la wapinzani na kurushwa na timu ile ile iliyoutoa. Kuna kingine kisichoandikwa kwenye ubao wa matokeo: mafowadi wanaorudishwa nyuma mara tatu mfululizo huchoka miguu, na zaidi ya miguu, huchoka roho.

Mtawarira hakuzaliwa propu. Alizaliwa Harare tarehe 1 Agosti 1985, akasoma Churchill na baadaye Peterhouse, shule ya bweni iliyoko Marondera, na raga yake ya ujana aliicheza nyuma ya skrumu, namba nane na flanka, kule kwenye uhuru wa kukimbia. Uchumi wa Zimbabwe ulikuwa umeporomoka, na kijana mwenye kipaji cha michezo alitazama kusini kama vijana wengine walivyotazama kusini kutafuta kibarua. Akaingia chuo cha raga cha klabu ya Sharks mjini Durban.

Huko kocha Dick Muir alimwita akamwambia kwamba maisha yake ya raga yako safu ya mbele. Kwa simulizi yake mwenyewe, habari hiyo haikumfurahisha, na ni rahisi kuona kwa nini. Mapropu huiva polepole. Wengi huanza kuheshimiwa wakiwa na miaka 27 au zaidi, baada ya shingo kukomaa na baada ya kudhalilishwa na wazee wa kazi mara nyingi. Kumchukua kijana aliyezoea kukimbia na kumwambia aanze upya ni kama kumtoa mshambuliaji wa soka na kumpa glavu za kipa. Alizivaa. Mwaka 2007 alikuwa ameshaanza kuichezea Sharks katika ligi ya Super 14, na tarehe 14 Juni 2008 alivaa jezi ya Springboks kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales mjini Pretoria. Alikuwa na miaka 22.

Hapa kuna jambo ambalo kwa mtazamo wangu linapita takwimu. Katika raga ya Afrika Kusini, mchezaji mweusi aliyefanikiwa alikuwa mara nyingi winga. Chester Williams mwaka 1995 alikuwa winga, na Bryan Habana mwaka 2007 vilevile. Dhana iliyofichika ilikuwa kwamba Mwafrika ana mbio, lakini safu ya mbele, yenye ujanja na ubabe, ni ya wakulima wa Kiafrikana wenye shingo nene. Kisha akatokea kijana kutoka Harare, akaingia palepale, na uwanja uliojaa Wazungu wa Durban ukawa unaliimba jina lake. Sidai kwamba skrumu ilitibu majeraha ya ubaguzi. Nasema tu kwamba ile "Biiiist" ilikuwa na uzito ambao mgeni asingeweza kuusikia.

Mnyama na Fahali

Tarehe 20 Juni 2009, Durban. British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, huzuru Afrika Kusini mara moja tu kila miaka 12, kwa hiyo mchezaji mwenye bahati hukutana nao mara moja maishani. Mpango wa wengi ulikuwa wazi kabla ya mechi: skrumu ya Springboks ingeshambuliwa upande wa John Smit, nahodha ambaye kwa kawaida ni huka lakini siku hiyo alipangwa namba tatu. Macho yote yakawa huko.

Balaa likatokea upande wa pili. Mbele ya Mtawarira alisimama Phil Vickery, bingwa wa dunia wa 2003, aliyekuwa nahodha wa Uingereza kwenye fainali ya 2007, naye akijulikana kwa jina la utani la Fahali Mwenye Hasira. Skrumu baada ya skrumu, Vickery aliinuliwa na kupindwa, miguu ikielea, na penalti zikamiminika. Mapema kipindi cha pili akatolewa, akaingia Adam Jones wa Wales, na skrumu ikatulia. Springboks walikuwa wamefika 26 kwa 7. Mwisho ilikuwa 26 kwa 21, maana yake Lions walikaribia kuipindua mechi iliyokuwa imevunjiwa uti wa mgongo katika nusu ya kwanza.

Wapo waliodai kwamba Mtawarira aliingia mshazari siku ile. Ukitazama marudio utaona skrumu moja mbili ambazo mimi mwenyewe ningesita. Lakini refa alikuwa mita mbili kutoka pale, na propu mzoefu ana wajibu wa kujitetea kwanza na kulalamika baadaye.

Hadithi hii husimuliwa na wengi ikakatwa hapo, na kukatwa huko ni dhuluma. Springboks walitwaa mfululizo kwa kushinda mechi ya pili Pretoria, lakini katika mechi ya tatu, Ellis Park, Adam Jones alikuwa majeruhi na Vickery akarudishwa namba tatu dhidi ya mtu yuleyule. Safari hii hakuinuliwa. Lions wakashinda 28 kwa 9. Huo ndio ukweli wa kazi ya propu: hakuna ushindi wa kudumu. Wiki mbili tu, na mwalimu anaweza kufundishwa.

Raia wa wapi?

Mwaka uliofuata ukaja mkanganyiko ambao hadi leo watu huuchanganya. Swali lilikuwa jepesi kulitaja: Mzimbabwe anawezaje kuichezea Afrika Kusini? Jibu lina sheria mbili, si moja. Shirikisho la raga la dunia wakati huo halikuuliza pasipoti. Kama mchezaji hajawahi kuiwakilisha timu ya taifa nyingine na ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, aliruhusiwa. Muda huo uliongezwa kuwa miaka mitano kuanzia 2022. Kwa kipimo hicho Mtawarira hakuwa na kosa lolote.

Lakini serikali ya Afrika Kusini ilikuwa na kipimo chake: jezi ya taifa huvaliwa na raia. Mwaka 2010, baada ya kuwa ameshaichezea timu hiyo kwa misimu miwili, akajikuta katikati ya mjadala wa magazetini kuhusu kama aendelee au asimame. Hatimaye mwaka huohuo akapata uraia wa Afrika Kusini na kelele zikaisha.

Hakuwa wa kwanza kuvuka Limpopo, mto wa mpakani, kwa sababu ya raga. Adrian Garvey, naye propu, aliichezea Zimbabwe kwenye Kombe la Dunia la 1991 kisha akaichezea Afrika Kusini, wakati sheria zilikuwa zimelegea zaidi. Bobby Skinstad alizaliwa Bulawayo. Takudzwa Ngwenya wa Harare alikwenda mbali zaidi, Marekani, na kwenye Kombe la Dunia la 2007 alimzunguka Habana kwa mbio na kufunga trai ambayo bado inachezwa mitandaoni. Zimbabwe yenyewe ilikaa nje ya Kombe la Dunia tangu hiyo 1991, hadi Julai 2025 ilipoifunga Namibia 30 kwa 28 mjini Kampala na kukata tiketi ya 2027. Anayetaka kujua miaka yote hiyo vipaji vilikuwa wapi, ahesabu Wazimbabwe waliokuwa wakivaa jezi za wengine.

Mwili na moyo

Propu adumuje miaka 11 katika kazi inayosaga pingili za shingo? Sehemu ya jibu ni kwamba kazi yenyewe ilibadilika mikononi mwake. Alipoanza, refa aliita maneno manne: inameni, guseni, subirini, ingieni. Makundi yaligongana kutoka mbali, na aliyegonga kwanza kwa nguvu mara nyingi alishinda pale pale. Mwaka 2013 utaratibu ukawa inameni, shikeni, ingieni: mapropu hushikana jezi kabla ya kusukumana. Pengo likapungua, na kishindo cha kugongana kikapungua kwa takribani robo. Waliokuwa wakiishi kwa kishindo walipotea. Waliobaki ni wenye uwezo wa kusukuma kwa muda mrefu, kurekebisha miguu sentimita kwa sentimita, kusikiliza mwili wa mpinzani. Mtawarira alifaulu mitihani yote miwili, na hilo si la kawaida.

Moyo wake ndio ulimpa taabu zaidi ya shingo. Mara kwa mara ulianza kwenda mbio bila sababu, nje ya mapigo yake. Novemba 2012, timu ikiwa Edinburgh kujiandaa kucheza na Scotland, alipelekwa hospitalini, na haikuwa mara ya kwanza. Alitibiwa moyo zaidi ya mara moja katika maisha yake ya uchezaji. Fikiria mtu ambaye kazi yake ni kubana pumzi chini ya uzito wa kilo mamia, halafu daktari anamwambia tatizo liko kwenye pampu. Wengi wangeshukuru Mungu kwa walichopata na kwenda nyumbani. Yeye alirudi, na zaidi ya nusu ya mechi zake za kimataifa zilikuwa bado mbele yake.

Si zote zilikuwa za fahari. Tarehe 19 Septemba 2015, Brighton, alikuwa miongoni mwa walioanza Springboks walipofungwa na Japan 34 kwa 32, matokeo ambayo hata Wajapani wenyewe hawakuyaamini hadi waliposoma magazeti ya asubuhi. Kwa klabu, aliichezea Sharks mechi 159 za Super Rugby. Na tarehe 16 Juni 2018, miaka kumi na siku mbili tangu mechi ya kwanza, akacheza ya mia moja dhidi ya Uingereza mjini Bloemfontein, Siya Kolisi akiwa nahodha. Kabla yake Waafrika Kusini watano tu walikuwa wamefika mia, na propu hata mmoja hakuwemo.

Yokohama

Tarehe 2 Novemba 2019. Uingereza walikuwa wameichapa New Zealand 19 kwa 7 kwenye nusu fainali, na karibu kila mchambuzi aliwapa kikombe. Dakika ya tatu, namba tatu wao Kyle Sinckler akagonga kichwa kwenye kiwiko cha mwenzake, akapoteza fahamu. Akaingia Dan Cole, mzoefu, lakini mwenye miaka 32 na asiye na mwenzake wa kumpokea. Sheria zinataka wachezaji wa safu ya mbele wawe waliofunzwa kazi hiyo, huwezi kumtupa winga pale. Cole alijua kwamba atasimama hapo karibu dakika zote zilizobaki.

Mbele yake alikuwa Mtawarira, miaka 34, akijua kinyume chake: kwamba yeye hatasimama pale jioni nzima. Kocha Rassie Erasmus alikuwa amejaza benchi mafowadi sita kati ya wachezaji wanane wa akiba, akiwemo Steven Kitshoff, propu namba moja ambaye kwenye timu nyingine yoyote angeanza. Kwa hiyo mzee hakuwa na haja ya kuweka akiba. Alimwaga kila kitu katika dakika arobaini na ushei. Skrumu za Uingereza zikarudi nyuma, zikapinda, zikaanguka, na refa Jérôme Garcès akainua mkono upande uleule tena na tena. Handré Pollard akazigeuza penalti kuwa alama. Kufikia mapumziko ilikuwa 12 kwa 6, bila trai, na ukimtazama Cole usoni ulijua mechi inakoelekea.

Mapema kipindi cha pili Mtawarira akatoka, Kitshoff akaingia, na skrumu ikaendelea kusukuma kana kwamba hakuna kilichobadilika. Trai za Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe, zile zinazoonyeshwa kila mwaka, zilifungwa dakika ya 66 na ya 74. Mwisho 32 kwa 12. Mtu wa namba moja aliziona trai hizo akiwa amekaa benchini.

Siku chache baadaye alitangaza kuachana na timu ya taifa, wakati huo akiwa wa tatu kwa idadi ya mechi katika historia ya Springboks, nyuma ya Victor Matfield na Habana. Akaenda Washington kuichezea Old Glory DC katika ligi changa ya Marekani. Machi 2020 Uviko ukaifunga ligi msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, na katika mwaka huohuo akatundika njumu.